Uimarishaji: neno linalongoja ushahidi

Mwalimu wa mpakani anayetaka shahada ya uzamili katika elimu ya mahitaji maalumu ana njia mbili zilizo karibu. Akiwa Busia ya Kenya, barabara ya Kisumu humpitisha Maseno, penye chuo kikuu. Akiwa Busia ya Uganda au Tororo, safari ni ya Chuo Kikuu cha Kyambogo, Kampala, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, mojawapo ikiwa ile ya taifa ya elimu maalumu. Kotekote atasoma na kuandika tasnifu yake kwa Kiingereza. Akirudi kazini, wazazi wanaomngoja husema Kisamia, Kiteso au Kidhopadhola, na wasipoelewana kwa lugha za nyumbani, hukimbilia Kiswahili. Hapo ndipo atakapohitaji Kiswahili cha istilahi moja inayoaminika kuwa nyepesi: “reinforcement”.

Istilahi hiyo ni ya taaluma tunayoweza kuiita uchanganuzi tumizi wa tabia, kwa kufuata mfano wa isimu tumizi. Taaluma hiyo ilipata sura yake mwaka 1968, Donald Baer, Montrose Wolf na Todd Risley wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, walipotaja sifa zake saba katika mwaka wa kwanza wa jarida lake. Msingi ulikuwa umewekwa na mwanasaikolojia B. F. Skinner: tabia hutegemea sana kile kinachoifuata. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mchanganuzi wa tabia hutaka kujua huo ulimwengu unafunza vipi, hatua kwa hatua, ili mama na mwalimu nao wafunze kwa njia hiyohiyo.

Fasili ya “reinforcement”, yaani uimarishaji, ni fupi. Jambo likifuata tabia fulani, na kwa sababu hiyo tabia ikazidi kutokea siku za mbele, tabia imeimarishwa, na jambo hilo ni kiimarisho. Ikiwa tabia haikuzidi, hakuna kilichoimarishwa, hata kama mtoto alipewa biskuti pakiti nzima.

Katika warsha na vikao vya wazazi, istilahi hii mara nyingi hufasiriwa kuwa zawadi, tuzo au motisha. Zawadi na tuzo hutajwa kwa kumtazama mtoaji na nia yake. Motisha nayo huhusu hamu iliyo ndani ya mtu, aghalabu hata kabla hajatenda. Hakuna kati ya maneno hayo linalomlazimu msemaji kurudi wiki ijayo kuhesabu kama tabia imeongezeka.

Busia ya Kenya yenyewe ina ushahidi wa tofauti hiyo, ingawa ulikusanywa na wachumi katika shule za kawaida. Mwaka 1998 na 1999, Paul Glewwe, Nauman Ilias na Michael Kremer, ambaye baadaye alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019, walifuatilia shule 100 za msingi katika wilaya za Busia na Teso. Katika nusu ya shule hizo, walimu waliahidiwa tuzo zenye thamani ya kati ya asilimia 21 na 43 ya mshahara wa mwezi, kulingana na alama za wanafunzi. Alama zilipanda katika mitihani iliyohusishwa na tuzo. Mahudhurio ya walimu hayakubadilika, wala kazi za nyumbani walizotoa. Kilichozidi ni vipindi vya ziada vya kuwaandaa wanafunzi kwa mtihani. Tuzo ilikuwa moja, lakini kati ya tabia zote za mwalimu iliimarisha ile iliyoleta alama upesi.

Mwaka 2001 ukaja mpango mwingine katika wilaya hizohizo. Wasichana wa darasa la sita walioshika nafasi za juu walipata ufadhili wa miaka miwili: kila mwaka shilingi 500 kwa shule na 1,000 kwa familia, pamoja na kupongezwa hadharani. Busia alama zilipanda waziwazi, na hata walimu wakazidi kufika kazini. Teso matokeo hayakuonekana. Huko radi ilikuwa imeua wanafunzi saba katika shule moja, baadhi ya wazazi wakalishuku shirika lililoendesha mpango, na shule kadhaa zikajitoa. Ufadhili uleule, ng’ambo ya mpaka wa wilaya, haukuwa kiimarisho.

Kwa mtoto mwenye usonji, suala hili hugusa kila saa ya darasani. Tuseme mtoto asiyesema hupiga kelele kila kipindi cha kuandika kinapoanza, na mwalimu humtoa nje. Mwalimu anaamini ametoa adhabu. Hata hivyo, kelele zikizidi wiki baada ya wiki, kutolewa nje ndiko kunakoziimarisha, kwa kuwa mtoto ameponyoka kazi inayomshinda. Mzazi anaweza kuambiwa hivi: “Mama Nekesa, akipiga kelele kazi inaondoka. Tumfundishe kuomba kupumzika kwa ishara, na akiomba tumpe mapumziko palepale.”

Mfano huu unaleta mtego mkubwa zaidi wa tafsiri. Vitabu huita hali hiyo kwa jina ambalo neno kwa neno ni “uimarishaji hasi”, na karibu kila mwanafunzi huelewa kuwa ni adhabu. Skinner mwenyewe alilitumia jina hilo kwa maana ya adhabu katika kitabu chake cha mwaka 1938, akaibadili mwaka 1953. Kiswahili hakilazimiki kubeba mkanganyiko huo. Nyumba ya udongo huimarika kwa kuongezewa nguzo, au kwa kuondolewa mchwa, na kwa vyovyote vile imekuwa imara. Basi tuseme uimarishaji wa kuongeza na uimarishaji wa kuondoa, na neno adhabu tuliachie kile kinachopunguza tabia.

Tahadhari hii ina uzito kwetu. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Uganda ikafanya hivyo kwa sheria ya mwaka 2016. Taaluma yenyewe ina doa: katika miaka yake ya mwanzo baadhi ya wataalamu walitumia hata umeme kuwaadhibu watoto wenye usonji, na watu wazima wenye usonji bado wanaihoji. Moja ya sifa saba za mwaka 1968 inadai tabia inayoshughulikiwa iwe na umuhimu kwa mtu mwenyewe na jamii yake. Kabla ya kuimarisha, sharti tuulize inaimarishwa kwa faida ya nani.

Kiswahili ni lugha rasmi Kenya na Uganda, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar ina nafasi ya kusawazisha msamiati huu. Wakati tukingoja, tasnifu za Maseno na Kyambogo zinaweza kuanza kwa kiambatisho chenye safu tatu: kilichotangulia, tabia, kilichofuata. Mtafiti asiandike “kiimarisho” katika safu ya tatu mpaka hesabu ya safu ya pili imeongezeka.