Mzigo, Njia na Jicho la Mtambo

Somo letu la leo ni la historia, nalo lahusu uchukuzi wa mizigo hapa Moshi. Tutauliza hivi: chombo kipya kiingiapo njiani, nani hulipa, na nani hupata faida?

Zamani mizigo ya Kilimanjaro ilishuka pwani juu ya vichwa vya wapagazi, kila mtu kadiri ya kilo 30. Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911. Mkulima akapata njia ya upesi. Mpagazi akakosa kazi. Baadaye yakaja malori. Haya, fanya hesabu: lori lenye shehena ya tani 30 limechukua mizigo ya wapagazi 1,000. Basi likikwama siku moja mpakani, ni kama watu 1,000 wamekaa bure.

Ndiyo sababu ya kutafuta mitambo. Mwaka 2016 kituo cha pamoja kilifunguliwa Holili na Taveta, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mbili. Mwaka 2017, katika njia ya Mombasa iliyo jirani yetu, Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia kwa pamoja lakiri ya umeme. Lakiri hiyo hufungwa kwenye kontena, hujua mahali ilipo kwa setilaiti, na hupeleka habari kwa mtandao wa simu. Ikifunguliwa njiani, watu wa forodha hujua papo hapo.

Lakini vyaelea vimeundwa. Mitambo ya kufuata lori hununuliwa au hukodiwa, na mtu hulipwa kuitazama. Mwenye malori 100 huigawanya gharama hiyo. Mwenye lori moja huibeba peke yake. Dereva naye hutazamwa kila hatua, ingawa akisingiziwa wizi mtambo ule ule waweza kumtetea. Na kama saa zilizookolewa hazipunguzi nauli ya mzigo, mkulima hazioni.

Kilimanjaro ina mfano wake. Mwaka 1933 vyama vya wakulima wa kahawa viliungana katika KNCU, maana mwenye magunia machache hana nguvu sokoni. Wenye lori moja moja nao waweza kukodi mitambo kwa pamoja na kumlipa mtazamaji mmoja.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:
1. Reli ilimfaidia nani, na ilimwumiza nani?
2. Saa ikiokolewa mpakani, fedha yake imfikie nani?