Damu ya Kitovu

Tarehe 20 Machi 1993, sokoni Ntoto katika teritwari ya Walikale, mashariki mwa Kongo, wanamgambo waliwavamia Wanyarwanda. Baada ya wiki chache moto ulikuwa umeshafika teritwari jirani ya Masisi. Waliokufa walihesabiwa kwa maelfu, na waliokimbia walipita laki mbili. Ugomvi wenyewe ulikuwa mkongwe kuliko waliopigana: kuanzia 1937 hadi 1955 serikali ya Wabelgiji iliwahamisha maelfu ya watu kutoka Rwanda hadi milima ya Wahunde ili mashamba ya wazungu yapate vibarua. Swali la nani mwenye ardhi na nani raia likaachwa kwa wajukuu.

Kisha wakaja wakimbizi wa 1994 kutoka Rwanda, vita vya 1996, na vita vya 1998. Kati ya 30 Julai na 2 Agosti 2010, katika vijiji 13 vya Walikale, Luvungi ikiwemo, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 303 waliobakwa na wapiganaji.

Waliokimbia milima hiyo wengi waliishia Goma, na wenyeji huwaita wadeplase. Mjini humo daktari Jo Lusi na mkewe Lyn walikuwa wamejenga hospitali ya HEAL Africa, na ndiko alikofanya utafiti Connie Mulligan, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Florida. Yeye na wenzake waliwauliza akina mama waliojifungua juu ya shida za kila siku na juu ya vita. Wakachukua damu ya mama, kipande cha kondo la nyuma, na damu ya kitovu. Makala yao ya 2012 ilikuwa na akina mama 25 na watoto wao. Pale mama alipobeba mateso mengi zaidi, mtoto alielekea kuzaliwa na uzito mdogo, na alama za kikemikali zilizobandikwa kwenye jeni moja, ile ya kipokezi cha homoni ya kotisoli, zilikuwa tofauti.

Kotisoli ni homoni ambayo mwili huimwaga mtu anapoingiwa na hofu. Inamwezesha kukimbia, na hatari ikipita inapaswa kushuka. Mwanasaikolojia Darlene Kertes alikuwa ameifuata kwa miaka kabla ya kujiunga na utafiti wa Goma. Pamoja na Megan Gunnar huko Minnesota, alipima mate ya watoto waliotoka nchi nyingine na kulelewa na familia za Marekani. Makala yao ya 2008 ilionyesha kwamba unyimwaji wa utotoni uliodumaza kimo uliambatana na kotisoli ya asubuhi iliyo juu, ingawa watoto walikuwa wamekwisha kupata nyumba, chakula na wazazi.

Ukipanga maandishi ya Kertes kwa miaka, unaona swali likirudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka mtoto anayetembea hadi mtoto ambaye hajazaliwa. Mwaka 2016, akiwa na Mulligan, alichapisha matokeo ya akina mama 24 wa Goma na watoto wao. Safari hii walitazama jeni nne zinazoongoza kotisoli, na alama za vita na za dhiki ya muda mrefu zilionekana katika damu ya mama, kondo na kitovu. Mwaka 2017 wakaandika juu ya jeni ya BDNF, inayosaidia ubongo kukua.

Akina mama 24 ni wachache, na uhusiano wa vitu viwili hausemi kipi kimezaa kipi. Tena alama hizi si hukumu, kwa kuwa nyingine hubadilika maishani. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu naogopa siku ambapo mwalimu atamtazama mtoto wa Masisi na kumwona ameharibika kabla hajafungua daftari. Kilichopimwa ni mzigo aliotwishwa mama yake, na waliomtwisha wanajulikana.

Watoto wa makala ya 2012 walikuwa wamepita miaka 12 waasi wa M23 walipoiteka Masisi, kisha Goma, Januari 2025. Mwezi uliofuata kambi za wadeplase kandokando ya mji zilivunjwa, familia zikabeba maturubai na sufuria kurudi milimani. Waasi waliingia Walikale tarehe 19 Machi, miaka 32 kasoro siku moja tangu soko la Ntoto, na katika msafara wa waliokimbia kuingia msituni hapana shaka kulikuwa na wanawake wajawazito.