Mogadishu 1993: Picha Moja, Macho Mawili

Leo naweka programu kando kidogo, ingawa sitaenda mbali. Sisi watu wa kompyuta hupenda kusema kwamba data haidanganyi. Kuhusu picha pia husemwa hivyo hivyo. Hebu tazameni yaliyotokea kwa jirani zetu Somalia, halafu mniambie.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1992, wanajeshi wa Marekani walishuka ufuoni Mogadishu. Waliowangoja pale si wapiganaji, ni waandishi wa habari na taa za kamera zao. Na kwa kweli ni kamera zilizowaleta. Kwa miezi kadhaa runinga za ng'ambo zilikuwa zimeonyesha watoto wa Somalia waliobaki mifupa kwa njaa na vita, na watu walikuwa wakiuliza serikali zao zinangoja nini.

Mambo yakageuka. Tarehe 5 Juni 1993, askari 24 wa Pakistan waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliuawa mjini humo. Msako wa Jenerali Mohamed Farah Aidid ukaanza. Tarehe 12 Julai, helikopta za Marekani zilirusha makombora kwenye nyumba walimokutana wazee na viongozi wa ukoo wake. Makumi ya watu walikufa.

Wanahabari walikimbilia pale ili dunia ione. Umati uliojaa hasira ukawageukia. Wanne wakauawa: Hos Maina na Anthony Macharia, Wakenya wenzetu, Dan Eldon, aliyekulia Nairobi, na Mjerumani Hansi Krauss. Watatu wa kwanza walifanyia kazi Reuters, wa nne Associated Press. Basi waliokwenda kupiga picha za msiba wa Wasomali wakafa katika msiba huo huo, na wanahabari wengi wa kigeni wakaondoka mjini.

Ndipo ikaja Oktoba. Katika mapigano ya tarehe 3 na 4, helikopta mbili za Black Hawk ziliangushwa. Wamarekani 18 waliuawa, na Wasomali kwa mamia. Paul Watson, Mkanada wa gazeti la Toronto Star, alikuwa mmoja wa wageni wachache waliobaki. Alipiga picha ya maiti ya askari Mmarekani ikiburutwa barabarani huku watu wakishangilia. Runinga nazo zikaonyesha rubani aliyetekwa, Michael Durant, akihojiwa na uso umejeruhiwa. Tarehe 7 Oktoba, Rais Bill Clinton alitangaza kwamba majeshi yake yangeondoka ifikapo 31 Machi 1994.

Sasa angalieni vizuri. Mmarekani aliyeiona picha ile sebuleni kwake aliona watu aliokuja kuwalisha wakimdhalilisha mwanawe. Kwake hadithi ilianza na chakula cha msaada. Kwa wengi katika umati ule, hadithi ilianza tarehe 12 Julai, na siku hiyo haikuwa na picha iliyofika kila sebule. Wala tusiseme kwamba ndiyo desturi ya Wasomali: Uislamu unakataza kuidhalilisha maiti, hata ya adui. Picha ilionyesha umati mmoja, siku moja, ikachukuliwa kuwa taifa zima.

Malaysia nako wana kumbukumbu yao. Askari wao walikuwa katika msafara wa magari uliokwenda kuwaokoa Wamarekani usiku ule, na mmoja wao aliuawa. Filamu ya Marekani ya 2001, Black Hawk Down, haikuwapa nafasi yao. Mwaka 2023 Wamalaysia walitoa filamu yao wenyewe, Malbatt: Misi Bakara. Miaka thelathini baadaye bado watu wanadai nafasi yao ndani ya picha!

Lakini hasara kubwa ililipwa mahali pengine. Mauaji ya kimbari yalipoanza Rwanda Aprili 1994, Washington ilikuwa bado inaiona Mogadishu. Si sababu pekee, lakini ilikuwa na uzito mkubwa. Tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama lilipiga kura kupunguza askari wa Umoja wa Mataifa kule hadi 270. Na picha za mauaji yenyewe zilikuwa chache mno. Mojawapo ya video zinazojulikana ilipigwa na Mwingereza Nick Hughes kutoka juu ya jengo mjini Kigali, akiwa mbali.

Julai, Wanyarwanda karibu milioni moja walivuka kuingia Goma na kipindupindu kikawashambulia. Hapo kamera zilijaa, na wanajeshi wa Marekani wakaja na misaada. Miongoni mwa wakimbizi hao walikuwemo waliokuwa wameua. Aliyefichwa na kuuawa kijijini hakuwa na picha, kwa hiyo hakupata msaada.

Programu ikinipa jibu, kwanza nauliza imelishwa nini. Picha ya vita nayo iulizwe hivyo: nini kilitangulia, nani alishika kamera, na nani hakuweza kufikiwa. Siku hizi simu zinatuletea picha kama hizo kabla hata hatujanywa chai, na tunazisambaza.

Kama uko Eastleigh au Garissa, na wazee wako wanaikumbuka 12 Julai, tuandikie walivyoiona wao. Ningependa kusoma.