Chombo Kilichomfuata Mgonjwa

Kuna kifo kisichobisha hodi. Mtu yuko mezani au njiani, mara anaanguka. Haitiki wala hapumui vema. Mara nyingi moyo wake umeacha kupiga kwa taratibu, unatetemeka ovyo tu, hausukumi damu. Ubongo ukikosa damu, dakika chache zatosha kumwua.

Dawa ya moyo huo ni mshtuko wa umeme. Mwaka 1947, katika mji wa Cleveland, Marekani, mganga Claude Beck alimwokoa hivyo kijana wa miaka 14, kifua chake kikiwa kimepasuliwa. Mwaka 1956 Paul Zoll wa Boston alipitisha umeme juu ya ngozi, bila kupasua. Basi dawa ilikuwapo, lakini mitambo ilikaa hospitalini, na watu walikufa nyumbani.

Jambo hilo lilimsumbua Frank Pantridge, mganga wa mji wa Belfast. Aliona ya kuwa wengi wenye ugonjwa wa moyo hufa katika saa ya kwanza, kabla ya kufika hospitali. Akawaza: mgonjwa asipouwahi mtambo, mtambo na umfuate mgonjwa. Mwaka 1965 akatengeneza mtambo wa kutumia betri za motokari. Ulikuwa na uzito wa kilo 70! Mwaka 1966 ukaanza kusafiri ndani ya gari la wagonjwa. Mwaka 1967 yeye na mwenziwe John Geddes wakatangaza habari zao: wagonjwa 312 walichukuliwa, wala hakuna aliyekufa njiani. Wengine walisitasita kumwamini, lakini chombo kikapunguzwa hata kikafika kilo 3 hivi.

Siku hizi chombo hicho humwambia mtu kwa sauti la kufanya, hata asiye mganga. Huko Las Vegas walinzi wa nyumba za kamari walifundishwa kukitumia. Habari zao zilitangazwa mwaka 2000: kati ya walioonekana wakianguka, moyo ukitetemeka hivyo, wakapata umeme kabla ya dakika 3 kupita, 74 katika 100 walipona, waliocheleweshwa zaidi, 49 tu.

Je, kama chombo hakipo karibu? Msikae kutazama. Mmoja akimbie kuita msaada. Mwingine aweke mikono katikati ya kifua, akandamize kwa nguvu na upesi, mara 100 hata 120 kwa dakika, bila kuacha. Mikono hiyo huisukuma damu mpaka umeme ufike. Pantridge alifariki mwaka 2004, lakini fundisho lake ni letu sote: msaada na umwendee aliyeanguka, tena mara moja.