Kitofali cha nta kutoka Kinshasa

Leo tuache siasa za uchaguzi zipumzike kidogo. Nataka tuzungumzie vitu viwili vidogo sana kutoka mji mmoja: damu ya mwaka 1959 na kinyama cha mwaka 1960. Vyote vilitoka Léopoldville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Kinshasa. Vyote vina virusi vya UKIMWI, na hakuna ushahidi wa maabara wa virusi hivi kwa binadamu ulio mkongwe kuvizidi. Damu ilipelekwa Marekani ikiwa imegandishwa. Kinyama kilibaki Kongo, kwenye joto la kawaida la chumba, miaka karibu hamsini.

Tuanze na damu. Mwaka 1959 Arno Motulsky, mtaalamu wa jenetiki wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, alikwenda Kongo ya Wabelgiji kukusanya sampuli. Hakuwa akitafuta UKIMWI, maana nani aliujua wakati ule? Alikuwa anachunguza jinsi malaria inavyohusiana na mambo ya kurithi yaliyomo kwenye damu. Mwaka 1986 kundi la André Nahmias wa Chuo Kikuu cha Emory lilipima sampuli 1,213 za zamani kutoka Afrika, na katika zile za 1959 moja ikathibitika kuwa na virusi. Februari 1998 jarida la Nature likachapisha mfuatano wa vinasaba vya virusi hivyo. Wataalamu wanaiita ZR59.

Sasa tazama yaliyoikuta Kinshasa mwaka huohuo. Agosti 1998 waasi waliosaidiwa na Rwanda walisafirishwa kwa ndege kutoka Goma hadi Kitona, magharibi kabisa ya nchi, wakateka bwawa la Inga na kukata umeme wa jiji. Kabla ya hapo jiji lilishapitia uporaji wa askari wa 1991 na ule wa 1993, kisha vita vya kumng'oa Mobutu. Sisi tuliokulia kwenye mgawo wa umeme tunajua samaki wa kwenye friji wanavyokuwa siku ya pili. Fikiria friza lenye damu ya miaka arobaini.

Kinyama cha 1960 hakikuwa na habari na Inga. Kilikuwa ndani ya nta.

Utaratibu wenyewe ni wa kizamani na bado unatumika hospitalini hadi leo. Daktari akikata kinyama cha mgonjwa ili kikachunguzwe, kinalowekwa kwanza kwenye dawa ya kuzuia kuoza. Kisha maji yote yanatolewa kwa spiriti, halafu kinazamishwa kwenye nta ya parafini iliyoyeyushwa, ndugu yake mshumaa. Ikiganda unapata kitofali kidogo unachoweza kukishika kwa vidole viwili. Siri iko kwenye maji. Bakteria na vimeng'enya vinavyokula vinasaba vinahitaji maji ili vifanye kazi. Ukiyaondoa, uozo unasimama hata kama nje ni nyuzi thelathini.

Kuna gharama lakini. Dawa iliyotumika kwa vinyama vile ina asidi, na asidi hukatakata vinasaba. Unachokipata miaka mingi baadaye ni kama gazeti lililopitishwa kwenye mashine ya kuchana karatasi: maneno yapo, ila ukae chini uyaunganishe.

Kazi hiyo ya kuunganisha ilifanywa na Michael Worobey wa Chuo Kikuu cha Arizona, pamoja na wenzake wakiwemo wataalamu wa Kinshasa, mmoja wao Jean-Jacques Muyembe, yule bingwa wa Ebola. Walichukua vitofali 27 vya miaka ya 1958 hadi 1960. Kimoja tu, tezi ya mwanamke mtu mzima, kilikuwa na virusi. Wakakiita DRC60. Maabara nyingine, ya Chuo Kikuu cha Northwestern, ikarudia kipimo na kupata jibu lilelile. Matokeo yalitoka Oktoba 2008.

Na hapa ndipo penye uhondo. ZR59 peke yake ilisema tu kwamba virusi vilikuwepo 1959. Zikiwa mbili, unaweza kulinganisha, na zilitofautiana kwa karibu asilimia 12. Virusi vya mji mmoja, mwaka mmoja tu kati yao, vimeachana kiasi hicho! Kwa kasi inayojulikana ya kubadilika kwa virusi hivi, babu yao wa pamoja alikadiriwa kuishi karibu mwaka 1908, kati ya 1884 na 1924.

Mwaka 1999 mwandishi Edward Hooper alikuwa ametoa kitabu kinene akidai kwamba UKIMWI uliletwa na chanjo ya polio iliyojaribiwa Kongo na Ruanda-Urundi kuanzia 1957. Madai hayo yalikuwa na madhara. Mwaka 2003 jimbo la Kano, Nigeria, lilisimamisha chanjo ya polio, na hofu ya UKIMWI ilikuwa miongoni mwa uvumi uliosambaa. Kitofali cha nta kinajibu kwa tarehe: virusi vilianza kuzunguka miongo kadhaa kabla ya chanjo hiyo kutengenezwa.

Mwaka 2020 hazina hiyohiyo ya vitofali ilitoa kingine. Vilichunguzwa zaidi ya 1,600, na katika kimoja cha 1966, cha mwanamume, wakapata vinasaba vya virusi karibu vyote.

Yule mama wa 1960 hakuna aliyemuuliza. Hilo linanikera, na nta haiondoi kero hiyo. Ila naona kitu kingine: sampuli inayotaka baridi huhamia penye umeme wa uhakika, na ikishahama, mwenye friza ndiye anayeamua nani aifungue. Kilichobaki Kinshasa kiliwalazimu wageni kubisha hodi.

Kanuni hiyo ya kuondoa maji ilikuwa na njia nyingine, rahisi zaidi: karatasi. Robert Guthrie, wa Buffalo, Marekani, aliieneza miaka ya 1960 kwa kupima watoto wachanga. Unachoma kisigino, unadondosha damu, inakauka, unaituma kwa posta. Katikati ya miaka ya 2000 njia hiyo ikaingia kwetu kupima VVU kwa watoto wachanga, kwa sababu kipimo cha kawaida huchanganywa na kinga ambayo mtoto ameirithi kwa mama hadi karibu miezi 18, hivyo lazima vitafutwe vinasaba vya virusi vyenyewe. Kutoka zahanati isiyo na friji, matone makavu yalisafiri ndani ya bahasha yenye vipakiti vya kunyonya unyevu hadi maabara kubwa, na yalifika salama. Mara nyingi kilichochelewa, kwa wiki kadhaa, ni majibu kumrudia mama.