Maua ya Wadosi, Malengelenge ya Watoto

Wasee, kuna wimbo wa roki wa 1971 ambao adui wake ni mmea. Si mzaha. Unaitwa The Return of the Giant Hogweed, wa bendi ya Uingereza, Genesis, kwa albamu yao Nursery Cryme. Unachukua kama dakika 8, kawaida ya roki ya progresivu.

Stori ni hii: mpelelezi wa enzi za Malkia Victoria anatoa mmea mkubwa milimani Urusi, anaupeleka London, bustani ya kifalme ya Kew. Mabwana wenye mashamba wanaupanda kwao juu ndio fasheni. Mmea haujasahau vile ulitekwa. Unaenea nchi nzima na kulipiza kisasi.

Utadhani ni sinema ya kutisha, lakini mmea huo uko. Asili yake ni milima ya Caucasus. Kew waliorodhesha mbegu zake 1817, miaka 20 kabla Victoria awe malkia, kwa hivyo wimbo umecheza kidogo na tarehe. Unaweza kufika mita 5, na maua meupe kama mwavuli. Matajiri waliupanda wapendeze wageni. Shida ni utomvu: ukishika ngozi halafu jua lipige, unatoa malengelenge kama umeungua moto. Mbegu zikabebwa na mito hadi kwa watu wasio na bustani yoyote. Kuna watoto waliokata mashina yake, wakachezea kama darubini, wakaungua.

Mdosi alipata sifa, mtoto wa mwingine akapata vidonda. Kwangu hiyo ndiyo kejeli yenyewe.

Na walioimba si watu wa nje. Peter Gabriel, Tony Banks na Mike Rutherford walisoma Charterhouse, shule ya mababi kabisa. Wengine wataita huo unafiki. Mimi naona ndiyo maana walilenga vizuri: mabwana wa wimbo huo hawana roho mbaya. Wanaringa tu, hata hawajui wanapanda nini. Maringo hayahitaji ubaya ndio yaumize watu.

Sheria ya Uingereza ilikuja kukataza kuupanda porini 1981, miaka 164 baada ya ile orodha ya Kew. Na hadi leo bado wanaung'oa kando ya mito, wamevaa glavu.

Kwa hivyo kitu kikisifiwa tu kwa sababu ni adimu, uliza kwanza: kikienea, nani ataungua?