Kuishikilia Galme: Kutegemeana na Kujitegemea kwa Milingoti katika Historia ya Kechi, 1682–2018

1.0 Utangulizi

Katika msamiati wa mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki, mlingoti mdogo unaosimama nyuma ya mlingoti mkuu huitwa galme. Insha hii inalitumia neno hilo kuchunguza chombo kilichokulia mbali na pwani hiyo, yaani kechi: chombo cha matanga chenye milingoti miwili, ambacho galme yake ni fupi kuliko mlingoti mkuu na husimama mbele ya mhimili wa usukani. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: galme ilishikiliwaje isianguke, na kwa nini namna ya kuishikilia ilibadilika? Hoja ya insha ni kwamba historia hiyo ni mvutano kati ya njia mbili. Njia ya kwanza huifanya galme iutegemee mlingoti mkuu. Ya pili huifanya ijitegemee. Safari za mabaharia wa peke yao katika bahari za kusini ndizo zilizoipa njia ya pili uzito wake, kwa kuwa huko galme ni sehemu ya usalama wa uhai.

2.0 Tatizo la Kiufundi

Mlingoti mkuu hushikiliwa kutoka pande nne. Waya mmoja huuvuta kuelekea omo, mwingine kuelekea tezi, na nyingine huteremka kila ubavu wa chombo. Galme haina nafasi hiyo. Waya ukiteremshwa moja kwa moja mbele yake, utazuia tanga kuu na mti unaonyoosha ukingo wa chini wa tanga hilo, ambao hupita mbele ya galme kila chombo kinapogeuza ubavu kwa upepo. Nyuma yake chombo kinakaribia kwisha, na aghalabu mti wa chini wa tanga la galme hutokeza nje ya tezi. Hata ubavuni hali si nzuri, kwani umbo la chombo hupungua upana kuelekea tezi. Kadiri pembe kati ya waya na mlingoti inavyokuwa nyembamba, ndivyo mkazo wa waya unavyoongezeka na ndivyo mlingoti unavyogandamizwa kuelekea chini.

Wajenzi walilijibu tatizo hili kwa namna tatu. Ya kwanza ni kutumia nguzo nene inayopenya sitaha hadi kukaa juu ya mkuku, ili unene wake na mshiko wa sitaha vifanye sehemu kubwa ya kazi. Ya pili ni kufunga waya kutoka kilele cha mlingoti mkuu hadi kilele cha galme. Waya huo hupita juu ya matanga yote na haumzuii mtu. Ya tatu ni kuziteremsha nyaya za ubavuni kwa jozi, moja ikielekezwa mbele kidogo ya galme na nyingine nyuma kidogo, ili jozi hizo zifanye pia kazi ya waya za omo na tezi.

Pale linapotundikwa tanga jepesi kati ya kilele cha galme na sitaha iliyo mbele yake, huongezwa kamba ya kuhamishwa, inayokazwa upande wa goshini kila upepo unapobadili ubavu. Mbinu hii si ngeni kwa msomaji wa pwani: katika jahazi, ambamo foromali na tanga lake huhitaji kupitishwa upande wa pili wa mlingoti, kamba za kuushikilia mlingoti nazo hulegezwa na kukazwa upya goshini.

3.0 Kutoka Kamba hadi Waya

Mfano wa mapema unaoeleweka vizuri ni wa kivita. Mwaka 1682 Wafaransa waliushambulia mji wa Algiers kwa vyombo vilivyobuniwa na Bernard Renau d'Eliçagaray. Mizinga mizito ya kurusha makombora iliwekwa sehemu ya mbele, hivyo mlingoti mkuu ukarudishwa nyuma na galme ikasimama nyuma yake. Waingereza waliuiga mpango huo, na katika baadhi ya vyombo vya aina hiyo kamba za mbele zilibadilishwa kuwa minyororo ili zisiunguzwe na mlipuko. Hapa tunaona kwamba namna ya kuishikilia milingoti ilifuata kazi ya chombo.

Badiliko kubwa zaidi lilitoka migodini. Mwaka 1834 Wilhelm Albert alitumia kamba ya waya katika migodi ya milima ya Harz, Ujerumani, na katika miongo iliyofuata waya ukaingia melini. Kamba ya nyuzi za mimea hulegea na kukaza kadiri ya unyevu; waya hunyooka kidogo sana. Kwa sababu hiyo, waya mwembamba uliweza kubeba mzigo uliohitaji kamba nene, na kilele cha galme kikaweza kufungwa kwa uthabiti kwenye kilele cha mlingoti mkuu. Faida hiyo ilikuja na gharama. Vilele viwili vikifungwa kwa waya mmoja, mlingoti mkuu ukianguka unaweza kuivuta galme pamoja nao.

4.0 Suhaili na Joshua, 1968–1969

Nchini Norwei, Colin Archer alibuni chombo cha uokoaji kilichoanza kazi mwaka 1893. Kilikuwa kechi imara, chenye ncha mbele na nyuma, kilichokusudiwa kubaki baharini wakati wa dhoruba na kuzivuta mashua za wavuvi. Mmarekani William Atkin aliupunguza ukubwa wa umbo hilo hadi futi 32 katika ramani yake iitwayo Eric, na kutokana na ramani hiyo Suhaili ilijengwa mjini Bombay kwa mbao za msaji. Kabla ya kufika Uingereza, chombo hicho kilishuka kwa pwani ya Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini.

Robin Knox-Johnston aliondoka Falmouth kwa Suhaili tarehe 14 Juni 1968, akarejea tarehe 22 Aprili 1969. Katika washindani tisa, ni yeye peke yake aliyemaliza. Kifaa chake cha kujiongoza kwa upepo kilikuwa na mabapa mawili kandokando ya galme, kwa kuwa mti wa chini wa tanga la galme uliotokeza nje ya tezi ulizuia kifaa kufungwa huko. Kifaa kilipoharibika kabisa, alikiongoza chombo kwa kuyalinganisha matanga ya mbele na ya nyuma. Bila galme iliyosimama, ulinganifu huo usingewezekana.

Mshindani wake Bernard Moitessier alisafiri kwa kechi ya chuma, Joshua. Milingoti yake ilikuwa nguzo za simu, na nyaya zake za chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Uteuzi huo ulikuwa wa mtu aliyependelea vitu vinene na rahisi, anavyoweza kuvitengeneza mwenyewe mbali na bandari.

5.0 Mtihani wa 2018

Mashindano hayo yalirudiwa mwaka 2018 kuadhimisha nusu karne. Tarehe 21 Septemba, dhoruba katika Bahari ya Hindi ya kusini ilivipindua vyombo viwili. Thuriya ya Abhilash Tomy, iliyojengwa Goa kwa mfano wa Suhaili, ilipoteza milingoti, naye akaumia mgongo asiweze kutembea. Gregor McGuckin, aliyekuwa katika kechi nyingine karibu naye, alipoteza galme kwanza. Mlingoti mkuu ulivunjika chombo kilipopinduliwa tena baadaye. Alisimamisha mlingoti wa dharura na kujaribu kumfikia mwenzake, hadi meli ya Ufaransa, Osiris, ilipowaokoa wote wawili tarehe 24 Septemba.

Mfuatano wa matukio katika chombo cha McGuckin unabeba maana kwa hoja yetu. Mlingoti mmoja ulikwenda na mwingine ukabaki, ijapokuwa kwa muda tu. Katika hali kama hiyo, muda ndio anaouhitaji baharia ili akate nyaya zinazoning'inia kabla mti uliovunjika haujatoboa ubavu, na ili aandae tanga lolote litakalokisogeza chombo.

6.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonesha kwamba kuishikilia galme hakukuwa suala la nguvu za waya peke yake. Waya wa kilele kwa kilele ulirahisisha kazi na kuacha sitaha wazi, lakini uliifanya milingoti miwili ihesabike kama mmoja siku ya ajali. Jozi za nyaya za ubavuni huhitaji vyuma vingi zaidi vya kufungia na ukaguzi zaidi, lakini humwachia baharia nafasi ya kubaki na mlingoti wa pili. Kwa chombo kisafiricho karibu na bandari, tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mtu aliye peke yake, wiki kadhaa kutoka nchi kavu, thamani ya galme hupimwa siku mlingoti mkuu unapoanguka, na ndiyo maana inafaa isimame kwa nyaya zake yenyewe.